Baba Ameacha Kula, na Kaka Anasema Ninamuua kwa Njaa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Igoma hapa Mwanza. Nakuandikia usiku kwa sababu mchana sipati nafasi, na barua yangu ni ndefu kidogo, naomba univumilie.

Baba yangu ana miaka 74. Kwetu ni Nansio, kisiwani Ukerewe. Alikuwa mvuvi, na nguvu zilipopungua akawa anashona nyavu za wenzake. Mwaka juzi alianza kusumbuliwa na mkojo, tukamleta mjini, vipimo vikaonyesha saratani ya tezi dume ambayo ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa. Amechomwa sindano za homoni, amemeza vidonge vya kila namna, na kuna kipindi alipata nafuu hadi akarudi kwake. Tangu mwezi wa nne mambo yamebadilika. Miguu iliisha nguvu taratibu, sasa hasimami. Ana mpira wa mkojo. Amekonda mpaka pete ya ndoa ilikuwa inaanguka yenyewe, nimeifunga kwenye leso. Mara ya mwisho tulipokwenda kliniki daktari aliniita pembeni akaniambia hakuna la kufanya tena, mrudisheni nyumbani. Muuguzi mmoja akanipa chupa ya mofini ya maji na karatasi ya maelekezo, na namba ya simu nikikwama. Sasa baba yuko kwangu, kwenye chumba cha watoto.

Vita vyetu ni vya chakula. Kwanza aliacha ugali, akawa anakunywa uji. Sasa hata uji anageuza uso. Anachokubali ni kunyonya kipande cha chungwa, basi. Jumatatu kaka yangu mkubwa alikuja na supu ya sato, akasema mimi sijui kulisha mgonjwa, akamfungua baba mdomo kwa kijiko. Supu ikatokea puani. Baba alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi, na kaka akaendelea. Nilimnyang'anya bakuli, tukagombana mbele ya mgonjwa. Aliniambia, "Wewe unamuua baba kwa njaa." Maneno hayo yamenikaa. Dada yetu aliye Dar naye kila akipiga simu ya video analia, anataka tumwite mtu wa zahanati aje amtundikie dripu nyumbani, hela atatuma.

Kuhusu mofini, kaka aliisoma chupa akaiweka juu ya kabati. Anasema hiyo ni dawa ya kulevya na hospitalini ndiyo wanayowamalizia wagonjwa. Kwa hiyo nampa panado na diclofenac. Mchana anavumilia, lakini nikimgeuza kumbadilisha shuka analia, Shangazi. Baba yangu sijawahi kumwona akilia, hata mama alipofariki.

Usiku anaongea na marehemu mama. Anamwita kwa jina lake la usichana, anamuuliza kama ameanua dagaa. Kaka anasema hizo ni roho chafu, ana mtumishi wake anayetaka kuja kuombea kwa sharti kwamba dawa zote tuache.

Jambo la mwisho. Baba hatujamwambia anaumwa nini. Tulikubaliana kumwambia ni mkojo na mgongo wa uzee. Lakini wiki iliyopita alimwita mwanangu wa kwanza akamtajia nyavu zipi ni za nani na nani hajalipa. Kisha akaniuliza, "Mtanipeleka lini Nansio?" Nikamjibu ukipata nguvu. Akanyamaza.

Nisaidie. Je, ni kweli namuua? Mofini nimpe? Nimvushe kwenda kwao au tusubiri? Na samahani kwa kuuliza hivi, lakini sijawahi kumwona mtu akifa. Naogopa itatokea niko peke yangu na sitajua ninachokiona.

Binti wa Ukerewe, Igoma


Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza, na pole zaidi kwa kuuguza huku unashutumiwa.

Nianze na linalokunyima usingizi. Humuui baba yako kwa njaa. Saratani ikishafika alipofika yeye hubadilisha namna mwili unavyotumia chakula. Misuli inaisha hata mgonjwa akila, tumbo linakwenda polepole, na hamu ya kula inazimika. Kaka yako ameona mambo mawili yakifuatana, kuacha kula na kudhoofika, akadhani la kwanza ndilo lililoleta la pili. Mpangilio wake ni kinyume. Mwili wa baba umeanza kuaga, na mwili unaoaga hauna kazi na ugali. Wagonjwa wengi walio katika hali hii wakiulizwa husema hawasikii njaa. Wanaoumia kwa njaa hiyo ni sisi tuliokaa kitandani pembeni. Na si ajabu: kila anayekuja kumjulia hali mgonjwa, swali lake la kwanza ni "anakula?" Ukijibu hapana, ni kama umekiri kosa.

Ile ya Jumatatu ndiyo hatari. Supu ikitoka puani na mgonjwa akakohoa mpaka midomo ikabadilika rangi, maana yake kumeza kumeshaharibika, na chakula kinakwenda kwenye mapafu. Hapo inafuata nimonia. Kijiko cha nguvu ndicho kinachoweza kumfupishia siku, na kumpa siku mbaya kabla ya hapo.

Mlishe hivi. Awe macho kabisa, umwinue mgongo kwa mito, kidevu kielekee chini kidogo, usimlaze kichwa nyuma. Mpe nusu ya kijiko cha chai, kisha tazama koo lake mpaka uone kikoromeo kimepanda na kushuka, ndipo umpe kingine. Akikohoa, acha. Akigeuza uso, amekujibu. Machungwa ya kwao anayoyataka ndiyo mpe, anyonye, makapi na kokwa utoe wewe. Asipotaka kitu kwa siku nzima, usihesabu kama umeshindwa.

Kinachomtesa mtu asiyekunywa ni mdomo mkavu, na huo una dawa nyepesi kuliko zote. Chemsha maji, yapoe, tia chumvi kidogo sana. Chovya kitambaa laini kilichozungushwa kwenye kidole, mfute ulimi, fizi na ndani ya mashavu, kila baada ya saa mbili hivi anapokuwa macho. Midomo umpake vaselini. Kama ana meno ya bandia, yatoe. Kazi hii mpe kaka yako. Nasema kwa dhati. Mwanamume anayelazimisha supu mara nyingi ni mtu ambaye mikono yake haijui ifanye nini mbele ya kifo cha baba yake. Mwonyeshe mara moja, kisha toka chumbani umwache naye.

Sasa dripu. Mwambie dada yako wa Dar hesabu hii, anaweza kuipeleka kwa daktari yeyote amthibitishie. Chupa ya nusu lita ya maji ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari. Ni vijiko vitano au sita vya chai. Hicho ndicho "chakula" anachotaka kukilipia. Mgonjwa anayetapika na atakayepona, dripu inamwokoa, sibishi. Lakini figo na moyo vikishachoka, yale maji hayana pa kwenda: yanavimbisha miguu na mikono, yanajaa kifuani, pumzi inakuwa ya kukoroma, na kila siku mtu anatafuta mshipa kwenye mkono uliobaki ngozi. Hela ya dripu ainunulie godoro zuri, shuka za ziada na diapa za watu wazima. Akiweza kupata likizo aje, hiyo ni bora kuliko vyote.

Nakuja kwenye chupa iliyo juu ya kabati, na hapa naomba usome pamoja na kaka.

Kaka yako hajalitunga hilo la kumaliza wagonjwa. Kwa miaka mingi mofini ilikuwa haionekani hadi mgonjwa awe wa mwisho kabisa, anapewa leo, kesho anakufa, na waliokuwepo wakaunganisha. Ugonjwa ndio uliomuua. Mofini ya kunywa ikianzishwa kwa dozi ndogo na kupandishwa taratibu kama karatasi yako inavyosema haifupishi maisha, na mtu mwenye maumivu ya saratani anayepewa kwa kipimo hageuki mteja wa vijiweni. Cicely Saunders, Mwingereza aliyeanza kama muuguzi kisha akasomea udaktari, alifungua hospisi, yaani mahali pa kuwatunza wagonjwa wasioweza kupona, ya St Christopher's kule London mwaka 1967, na jambo aliloling'ang'ania ni kwamba dawa ya maumivu itolewe kwa saa, kabla maumivu hayajarudi, mgonjwa asisubiri mpaka alie. Ng'ambo ya ziwa hili letu, Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 kwa dawa hiyohiyo, unga wa mofini unaochanganywa na maji, na tangu 2004 Uganda inawaruhusu hata wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika. Hawa ni watu waliokaa na wagonjwa kama baba yako miaka nenda rudi. Wangekuwa wanawamaliza, tungeshasikia.

Kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa nne: saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku, ambapo mara nyingi dozi huwa mara mbili ili mgonjwa alale mpaka alfajiri bila kuamshwa. Fuata kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi yako, usikisie, na pima kwa sirinji isiyo na sindano. Muulize muuguzi kuhusu dozi ya ziada ya kumpa nusu saa kabla ya kumwogesha na kumbadilisha shuka. Hiyo ndiyo itakayoondoa kilio unachokisikia. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia sana na huenda akasikia kichefuchefu, mwambie kaka mapema asije akashtuka. Kisha usingizi unapungua. Kisichopungua ni kufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku moja na mofini. Ukiona anashtukashtuka misuli au haamshiki, piga simu kabla ya dozi inayofuata, maana figo zikichoka dawa hukaa mwilini muda mrefu na dozi inabidi ishuke. Na diclofenac muulize muuguzi huyohuyo kama iendelee, kwa sababu inaumiza tumbo lisilo na chakula na figo pia. Chupa iendelee kukaa juu ya kabati, lakini kwa ajili ya watoto.

Unapomgeuza, usimvute kwa kwapa wala mguu. Mifupa yenye saratani huvunjika kwa jambo dogo. Tandika shuka iliyokunjwa mara mbili kutoka mabegani hadi mapajani, mtu mmoja kila upande, mnamnyanyua na shuka yenyewe kwa pamoja. Kila baada ya saa mbili abadilishwe upande, mto katikati ya magoti. Maumivu yakimbakia sehemu moja ya mfupa, uliza hospitali ya Bugando kuhusu mionzi ya kutuliza maumivu. Wakati mwingine hupigwa mara moja tu. Kwa hali yake ya sasa, safari ya kwenda huko huenda ikamchosha kuliko itakavyomfaa, lakini swali liulizwe. (Kwa wasomaji wengine wenye mgonjwa wa tezi dume anayelalamika mgongo: miguu ikianza ghafla kulegea au kufa ganzi, ni hospitali siku hiyohiyo, msingoje kliniki ya mwezi ujao.)

Daktari aliyekwambia hakuna la kufanya alikusudia hakuna la kuiondoa saratani. Hayo mengine yote niliyoyaandika hapo juu yana jina, yanaitwa tiba shufaa, na ni tiba kamili yenye wataalamu wake. Ile namba ya muuguzi ni sehemu yake. Itumie bila haya.

Uliomba samahani kwa kuuliza kifo kinavyokuwa. Usiombe. Wengi wanatamani kuuliza na hawathubutu, kisha jambo likitokea wanakimbiza mgonjwa kwa bajaji usiku wa manane na anafia njiani.

Tazama kasi ya mabadiliko. Akibadilika wiki hadi wiki, mara nyingi kilichobaki ni wiki. Akibadilika siku hadi siku, ni siku. Ukianza kuona tofauti kati ya asubuhi na jioni, waite ndugu. Si kipimo cha mahakamani, ila hakidanganyi sana. Atalala zaidi, saa nyingi, kisha karibu siku nzima. Mkojo kwenye mfuko utapungua na kuwa wa rangi ya chai kavu. Dawa za kumeza zitamshinda, na hapo uulize mapema muuguzi mofini itatolewaje, maana matone madogo huweza kuwekwa ndani ya shavu. Mikono na miguu itakuwa ya baridi, na kwenye magoti na nyayo utaona mabaka ya zambarau. Usimrundikie mablanketi, yeye hasikii baridi unayoigusa wewe.

Pumzi ndiyo inayowatisha watu. Itakuwa ya haraka, kisha ndogo, kisha itasimama. Utahesabu moyoni, utafika kumi, ishirini, utadhani basi, halafu atavuta tena. Hiyo inaweza kuendelea kwa saa nyingi. Anaweza pia kukoroma kooni kwa sauti ya maji. Ni mate ambayo hawezi tena kuyameza wala kuyakohoa. Sisi tunaosikia tunaumia, yeye aliyelala fofofo kwa kadiri tujuavyo haumii. Mlaze ubavu, inua kichwa kidogo, futa kinachotoka mdomoni, usiingize kitu kooni. Macho yanaweza kubaki nusu wazi. Wakati fulani pumzi itasimama na haitarudi. Huwa ni jambo tulivu kuliko unavyoliogopa. Hakuna wa kumkimbilia kwa dakika zile. Kaa naye kwanza, yowe litakuja lenyewe na watu watajaa. Baadaye kaka aende kwa mwenyekiti wa mtaa kuanza taratibu za kibali cha mazishi.

Kuna mambo mawili ya kukuandaa zaidi. Siku moja anaweza kuamka mchangamfu, akaomba chai, akatania. Kaka atasema amepona. Kaeni naye siku hiyo yote, piga simu Dar, na msivunje mipango mliyoifanya. Jambo la pili, akiacha kuitikia endelea kumsemesha. Utafiti wa Kanada uliochapishwa 2020 ulipima ubongo wa wagonjwa wa hospisi wasioitikia tena, na baadhi yao ubongo ulikuwa bado unaitikia sauti. Kwa hiyo ugomvi wenu wa bakuli ukafanyikie nje.

Maongezi yake na mama yako yaache. Watu wengi wanaokaribia kuondoka huwaona waliowatangulia, wa dini zote na makabila yote, na wengi hutulia kwa hilo. Roho chafu gani itakayomuuliza mke wake kuhusu dagaa? Ukiwa naye mwambie tu dagaa wameshaanuliwa. Lakini akianza kuhangaika, kutupa shuka, kutaka kushuka kitandani, usiseme ndiyo hivyo. Tazama kwanza mpira wa mkojo: umejikunja? Mfuko umejaa, au hakuna kinachoingia kabisa huku tumbo chini ya kitovu likiwa gumu? Mpira ukiziba, mzee mwenye akili zake timamu anaweza kuonekana amechanganyikiwa, na ukibadilishwa anatulia papo hapo. Tazama pia choo, na joto la mwili.

Mtumishi anayeombea kwa sharti la kuacha dawa, asivuke mlango. Kama baba ni Mkatoliki kama wengi wa kisiwani, mwiteni padre kwa mpako wa wagonjwa wakati bado anaweza kuitikia sala. Sakramenti hiyo si ya dakika ya mwisho tu. Kama ana dini nyingine, kiongozi wake vilevile.

Hilo la kumficha, mwanangu, mmemficha nani? Mtu aliyegawa nyavu na kutaja wadeni anajua anakokwenda. Kinachobaki ni kwamba hana wa kuzungumza naye, kwa sababu kila akifungua mlango mnaufunga. Alipouliza habari ya Nansio ukamwambia "ukipata nguvu", alinyamaza kwa kukuhurumia wewe. Huhitaji kumsomea majibu ya maabara. Kaa chini, usisimame, umuulize, "Baba, wewe mwenyewe ugonjwa wako unauonaje?" Kisha nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Akisema naona nimefika, usimkatize kwa usiseme hivyo baba. Mwambie, "Nakusikia. Unataka tufanye nini?" Akikwepa, akaongelea mvua, mfuate kwenye mvua. Yeye ndiye anayeshika usukani.

Ila sidhani kama atakwepa, na sidhani kama utashangaa atakachokitaka.

Kwa hiyo safari. Mvusheni, na mvusheni wiki hii kama bado anazungumza na bado anameza mofini. Hilo la kumeza ndilo kipimo changu. Akishaacha kumeza na pumzi ikianza kusimama simama, mwacheni Igoma, amfie binti yake mikononi, hakuna aibu. Nitasema na lile ambalo wengi wanalifikiria na kuogopa kulitamka: kumvusha mzee akiwa hai ni nauli ya meli, kuvusha maiti ni vibali, jeneza, na ndugu wanaochangishana kwa hasira. Pia Nansio kuna hospitali ya wilaya. Mwombe muuguzi akuandikie barua ya kuwapelekea, yenye jina la ugonjwa, dozi ya mofini na tarehe mpira ulipobadilishwa, na umuulize kabla ya kuondoka ni nani kisiwani atakayekuongezea dawa chupa ikikaribia kuisha.

Msizunguke na gari Bunda hadi Kisorya. Kila tuta la barabarani atalisikia kwenye uti wa mgongo. Meli ya Mwanza kwenda Nansio ni kama saa tatu na analala. Aanze dawa kwanza hapo Igoma, dozi ikae sawa siku mbili tatu, ndipo mkate tiketi. Kaka azungumze na wahusika wa meli siku moja kabla, aeleze kwamba kuna mgonjwa wa kulala, awekwe mahali pasipo na msongamano na karibu na choo. Pale bandarini abebwe kwenye godoro jembamba na wanaume wanne, sio mgongoni. Mfuko wa mkojo umwagwe kabla ya kutoka nyumbani, na ukae chini ya usawa wa kiuno njia nzima. Beba maji, kitambaa cha mdomo, plastiki ya kutandika, shuka mbili za kubadilisha. Dozi ya ziada mpe nusu saa kabla ya kumnyanyua, kama muuguzi amekubali. Na chupa ya mofini ikae kwenye mkoba wako wa begani, pamoja na karatasi yake. Isiwekwe na mizigo, wala asipewe kaka.

Shangazi